Mwanga wa mlipuko na galaksi unamotokea: shajara ya mradi, Kigoma

Januari

Mradi umeanza. Tupo wachache: mimi ninayefundisha fizikia, mwenzangu wa hisabati, na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaokubali kubaki darasani jioni wakati wenzao wameshakwenda uwanjani. Vifaa ni kompyuta mpakato mbili, darubini yenye kioo cha sentimita 15, na bando tunalochangishana. Swali letu: je, galaksi ambamo nyota imelipuka inaathiri mwanga wa mlipuko huo? Kama ndiyo, kwa kiasi gani na kwa njia gani?

Swali limetoka darasani. Nilikuwa nafundisha supernova za aina ya Ia. Kibete cheupe, yaani kiini kinachobaki nyota kama Jua ikishaishiwa, kinanyonya mada kutoka kwa nyota jirani au kinaungana na kibete mwenzake. Kaboni iliyomo inawaka kwa ghafla na nyota nzima inasambaratika. Vitabu vingi vinasema kikomo cha kibete hicho ni uzito wa Jua mara 1.4, kwa hiyo milipuko inafanana, kwa hiyo tunaweza kuitumia kupima umbali wa galaksi. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama zinafanana, mbona hii hapa ni hafifu hivi?" Kidole chake kilikuwa kwenye SN 1991bg.

Ameuliza pale penyewe. Mwaka 1991 kundinyota la Virgo lilipata supernova mbili za aina hiyo, kila moja katika galaksi yake. Ya kwanza, 1991T, ilitokea NGC 4527, galaksi yenye mikono ya kuzunguka, gesi tele na nyota changa. Ilikuwa angavu kupita kawaida. Ya pili, 1991bg, ilitokea M84, galaksi duaradufu ya nyota kongwe, nayo katika mwanga wa buluu ilipungukiwa na takriban magnitudo 2.5 kulinganisha na wenzake. Kwa wasomaji wapya: kwenye magnitudo, namba ikiwa kubwa mwanga ni mdogo, na hatua moja ni tofauti ya karibu mara 2.5. Magnitudo 2.5 ni mara 10. Huo si ufanano wa kutosha kupimia umbali.

Tumekubaliana kwamba hilo swali ndilo mradi.

Februari

Mvua inanyesha karibu kila siku na darubini imebaki kwenye sanduku, kwa hiyo tumekaa na karatasi. Nimewapa supernova mbili zilizotokea karibu nasi na zilizopimwa na watu wengi mno: SN 2011fe ya galaksi M101 na SN 2014J ya galaksi M82.

2011fe iligunduliwa Agosti 24, 2011, saa chache tu baada ya kulipuka. M101 iko umbali wa kama miaka-nuru milioni 21, na sehemu ulipotokea mlipuko haikuwa na vumbi la kusumbua. Katika mwanga wa kati, ule wa kijani-njano, ilifika magnitudo 10 hivi. 2014J iligunduliwa Januari 21, 2014 na Steve Fossey akiwa na wanafunzi wake wa chuo jijini London, wakati wa somo la kutumia darubini. M82 iko karibu zaidi, kama miaka-nuru milioni 12.

Hesabu yenyewe ni ya kidato cha pili. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Gawa 21 kwa 12, upate 1.75, zidisha kwa yenyewe, upate kama 3. Kwa hiyo 2014J ilipaswa kuonekana angavu mara tatu kuliko 2011fe, sawa na magnitudo 1.2. Toa 1.2 kwenye 10, inabaki 8.8. Wanafunzi waliandika 8.8 ubaoni kwa kujiamini, kisha tukafungua vipimo halisi: 10.6.

Nimependa ukimya uliofuata, maana kila mmoja alikuwa anatafuta kosa na kosa halikuwepo. Pengo la magnitudo 1.8 ni mara tano. Kati ya sehemu tano za mwanga uliopaswa kutufikia, nne zilipotea njiani. Mwenzangu wa hisabati akawaambia waangalie na mwanga wa buluu. 2011fe katika buluu ilikuwa bado karibu 10. 2014J ilikuwa karibu 12. Buluu imepotea kuliko kijani. Hiyo ndiyo dalili ya vumbi: chembe ndogo hutawanya na kumeza buluu zaidi, na kinachopenya kinakuwa chekundu. M82 ni galaksi inayozaa nyota kwa kasi kubwa, imejaa gesi na vumbi, na 2014J ilikuwa nyuma ya pazia hilo.

Kuna jambo la ziada hapa ambalo nataka libaki kwenye kumbukumbu kwa sababu tutalihitaji baadaye. Vumbi hupimwa kwa namba inayoitwa R_V, inayoeleza uwiano kati ya mwanga uliomezwa na wekundu ulioongezeka. Katika Njia Nyeupe, galaksi yetu, wastani wake ni 3.1. Kwa 2014J watafiti walipata kama 1.4. Maana yake, kiasi kilekile cha wekundu kinaweza kuashiria upotevu tofauti wa mwanga kutegemea vumbi ni la galaksi gani. Ukitumia namba moja kwa galaksi zote, lazima kuna mahali utapunja na mahali utazidisha.

Machi, mwanzoni

Tumepakua data ya Pantheon+, mkusanyo wa vipimo vya supernova za Ia uliotolewa hadharani mwaka 2022. Ina mistari 1,701 ya supernova 1,550 tofauti (baadhi zilipimwa na timu zaidi ya moja). Faili ni la maandishi matupu na ni dogo, hata bando letu limeliweza. Umeme ulikatika mara kadhaa wiki hii. Kompyuta moja betri yake haishiki tena, tunafanya kazi na iliyobaki.

Machi, mwishoni

Wiki hizi zimekuwa nzuri kuliko nilivyotegemea, nitaandika kwa urefu.

Kila mstari wa faili una safu nyingi. Tunazozitaka ni nne: mB, mwanga wa kilele katika buluu, x1, inayoeleza mlipuko ulichukua muda gani kupanda na kushuka, c, rangi yake, na HOST_LOGMASS, uzito wa galaksi mwenyeji kwa logarithimu, ambapo 10 ni uzito wa Jua mara bilioni 10. Kuna safu nyingine yenye mwanga uliokwisha kusahihishwa, m_b_corr. Hiyo tumeiacha kwa makusudi, kwa sababu watafiti walikwisha kuondoa ndani yake athari ya galaksi, na sisi athari ndiyo tunayoitafuta.

Grafu ya kwanza ilikuwa rahisi: uzito wa galaksi chini, x1 pembeni. Vijana waliichora wenyewe. Upande wa galaksi nyepesi, nukta nyingi ziko juu ya sifuri: milipuko inayofifia polepole. Upande wa galaksi nzito, nukta zinashuka chini ya sifuri na mkia unaenda mbali: milipuko inayofifia haraka. Hakuna mstari mnyoofu, ni wingu, ila wingu limeinama na kila mtu aliliona bila kuambiwa.

Kwa nini kasi ya kufifia ni muhimu? Mwanga wa supernova hizi unatoka kwenye nikeli-56 inayotengenezwa ndani ya mlipuko. Nusu yake hugeuka kobalti-56 ndani ya siku 6 hivi, kisha kobalti hugeuka chuma, nusu yake ndani ya siku 77. Nikeli ikiwa nyingi, mwanga unakuwa mkali na mabaki yanakuwa ya moto na mazito kupenya, kwa hiyo mwanga unachelewa kutoka. Angavu zaidi, polepole zaidi. Mark Phillips aliuthibitisha uhusiano huo mwaka 1993, na ndio uliofanya supernova ziaminike kama kipimo. Miaka mitano baadaye timu mbili ziliutumia kuonyesha kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka. Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess walipata Tuzo ya Nobel kwa hilo mwaka 2011.

Sasa, kama galaksi nzito zina milipuko inayofifia haraka, basi galaksi nzito zina milipuko yenye nikeli kidogo. Mario Hamuy na wenzake waliliona jambo hili tangu miaka ya 1990 katika supernova za uchunguzi wa Calán/Tololo kule Chile: zile angavu zaidi hupendelea galaksi zenye nyota changa. Sababu mojawapo ni umri. Galaksi nzito za duaradufu ziliacha kuzaa nyota zamani, kwa hiyo kibete kinacholipuka leo ndani yake kimesubiri mabilioni ya miaka. Sababu nyingine inaweza kuwa elementi nzito. Mwaka 2003 Timmes, Brown na Truran walionyesha kwa hesabu kwamba nyota iliyozaliwa na elementi nzito nyingi huingia kwenye mlipuko ikiwa na nyutroni za ziada, na nyutroni hizo husababisha sehemu ya mada iwe nikeli-58 na chuma-54, ambazo ni tulivu na hazitoi mwanga, badala ya nikeli-56. Galaksi nzito zina elementi nzito zaidi. Mwelekeo unakubaliana.

Aprili

Tumefika kwenye kiini cha mradi.

Tumetumia fomula ya Robert Tripp ya mwaka 1998: chukua mB, ongeza x1 ikizidishwa kwa karibu 0.15, toa c ikizidishwa kwa karibu 3, na utoe mwanga wa kawaida wa supernova, kama −19.3. Unapata umbali. Linganisha na umbali unaotegemewa kutokana na kutanuka kwa ulimwengu, na kinachobaki ndicho tunachokitaka. Galaksi za karibu sana tumeziweka kando, kwa sababu mwendo wao wenyewe unachanganya hesabu ya kutanuka.

Kama masahihisho ya x1 na c yangetosha, salio lisingejali galaksi. Linajali. Ukikata pale HOST_LOGMASS ilipo 10, upande wa galaksi nzito supernova zilizosahihishwa zinakuwa angavu kidogo kuliko upande wa galaksi nyepesi.

Isomwe tena hiyo, kwa sababu ndipo wanafunzi walipokwama na mimi nikafurahi wamekwama. Kabla ya kusahihisha, galaksi nzito zina milipuko hafifu. Baada ya kusahihisha, zina milipuko angavu. Masahihisho yamezivusha mpaka ng'ambo. Mwaka 2010 timu tatu tofauti, mojawapo ya Patrick Kelly na nyingine ya Mark Sullivan, zilitangaza jambo hilihili, na tangu hapo linaitwa hatua ya uzito. Vipimo vingi vimeiweka kati ya magnitudo 0.05 na 0.1. Wingu letu ni pana na mikono yetu ni ya kujifunza, ila hatua imeonekana na iko upande uleule.

Nilitaka wajue udogo huo una maana gani. Magnitudo 0.06 ni asilimia 3 ya umbali. Lakini galaksi za kale zilikuwa changa na nyepesi kuliko za sasa. Ukitazama mbali, mchanganyiko wa wenyeji unabadilika, na kosa hilo la asilimia 3 linaanza kujifanya sehemu ya historia ya ulimwengu.

Na uzito wa galaksi haulipui nyota. Kibete cheupe hakina habari kama galaksi yake ni nzito. Uzito unasimama badala ya kitu kingine, na kazi iliyobaki ni kukitafuta.

Mei

Mvua imekwisha. Tumetoa darubini na kupanda nayo mlimani, tukiangalia mashariki ili taa za wavuvi ziwe mgongoni. Virgo iko juu kabisa saa mbili, saa tatu usiku. Tulianzia kwenye nyota Denebola tukashuka taratibu mpaka vitone viwili vya ukungu vikaonekana pamoja: M84 na M86. M84 ni duara dogo lililofifia, kama alama ya kidole kwenye kioo, katikati pana nuru kidogo zaidi. Mwanga huo umesafiri zaidi ya miaka milioni 50. Binti aliyeuliza lile swali la Januari alikaa kwenye lenzi muda mrefu, wenzake wakaanza kumvuta shati. Aliona nyumba ya 1991bg kwa macho yake.

M101 iko chini upande wa kaskazini, haipandi zaidi ya nyuzi 31 kutoka hapa Kigoma. Hatukuipata.

Julai

Likizo ya Juni imepita bila kazi kubwa. Kiangazi kimekolea na watu wanachoma mapori. Jioni moshi unashuka mpaka ziwani.

Nilikwenda mwalo wa Kibirizi kununua dagaa na nikamkuta mzee mmoja anayejulikana kwa uzoefu wake majini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Wale wanafunzi wako wa nyota hawajambo?"

"Hawajambo. Nina swali. Usiku wa giza, ukiona taa ya mtumbwi mbali, unajuaje iko umbali gani?"

Hakufikiri sana. "Taa yenyewe haikwambii. Kwanza ujue ni ya nani. Wengine bado wana karabai, wengine wamefunga za sola, haziwaki sawa. Halafu uangalie moshi. Ukiona taa imekuwa nyekundu, usiseme iko mbali. Imefunikwa tu."

Niliandika maneno hayo palepale, nyuma ya risiti, kwa sababu mzee ametaja hoja mbili zinazobishaniwa na wanaastronomia: aina ya taa na moshi. Umri wa nyota, au vumbi la galaksi.

Hoja ya moshi ndiyo tuliyoipima kwanza. Mwaka 2021 Dillon Brout na Dan Scolnic walisema hatua ya uzito inatokana na vumbi kutofautiana: galaksi nzito na nyepesi hazina R_V moja, na sisi tunasahihisha rangi kwa namba moja kwa wote. Wana ushahidi wa kushikika. Kama rangi yote ingetokana na vumbi la aina ya Njia Nyeupe, kizidishi cha c kingekuwa 4.1 (ile R_V ya 3.1 ukiongeza 1, kwa kuwa tunapima katika buluu), data inatoa karibu 3. Tena hoja yao inatabiri jambo ambalo hata sisi tunaweza kulipima: supernova za buluu, ambazo vumbi halikuzigusa, zisionyeshe hatua kubwa, nyekundu ziionyeshe, na mtawanyiko wao uwe mpana.

Tuligawanya data pale c ilipo sifuri. Buluu: wingu jembamba, hatua ndogo ambayo mtu anaweza kuitilia shaka. Nyekundu: wingu limetanuka na hatua imekua. Data yetu ni sehemu ya familia ileile waliyotumia wao, kwa hiyo hatuwezi kujiita mashahidi wapya. Ila kuona kitu kikitokea kwenye kioo cha kompyuta yako, kwa namba ulizozichambua wewe, ni tofauti kabisa na kusimuliwa.

Agosti

Mwenzangu wa hisabati ameridhika na vumbi. Mimi bado, na sababu yangu ni grafu ya Machi. Vumbi linaweza kufifisha mlipuko na kuupaka wekundu. Haliwezi kuufanya ufifie haraka zaidi. x1 haiguswi na vumbi, na x1 imefungamana na galaksi. Kwa hiyo kuna kitu ndani ya nyota zenyewe kinachotofautiana.

Mickael Rigault na wenzake waliacha kupima galaksi nzima, wakapima jirani ya mlipuko: je, pale ulipotokea nyota bado zinazaliwa? Matokeo yao ya 2013, kisha ya 2020, yalitoa hatua kubwa kuliko ile ya uzito. Ya 2020 ilifika karibu magnitudo 0.16 kati ya mazingira machanga na makongwe. Mwaka 2025 timu ya ZTF, uchunguzi wa anga unaofanywa kwa darubini ya Palomar kule Marekani, ilichapisha uchambuzi wa supernova za Ia zaidi ya 3,600 za karibu, nayo ikapata athari ya mazingira ya karibu 0.14. Kwangu hiyo ni hoja nzito upande wa umri.

Tatizo ni kwamba mambo haya hutembea pamoja. Galaksi kongwe ina nyota kongwe, elementi nzito nyingi, uzito mkubwa, na vumbi la aina yake. Ukivuta uzi mmoja unavuta na mingine.

Ndiyo maana nimewaletea NGC 1316, galaksi kubwa ya kundinyota la Fornax, iliyotoa supernova nne za Ia: 1980N, 1981D, 2006dd na 2006mr. Umbali ni mmoja, uzito wa galaksi ni mmoja. Tatu za kwanza zinafanana vizuri. 2006mr ni hafifu na ilififia haraka, ya ukoo wa 1991bg. Kwa kipimo cha uzito wa galaksi zote nne ziko sanduku moja, na sanduku halielezi kitu. NGC 1316 imewahi kumeza galaksi nyingine, nyota zake si za rika moja. Naamini jibu liko kwenye mtaa wa nyota, na jina la galaksi peke yake halitoshi.

Mwanafunzi mmoja ameuliza kama hili linaweza kumaliza ule ubishi wa kasi ya kutanuka kwa ulimwengu. Supernova zikipimiwa kwa Cepheid, nyota zinazopwita na ambazo mpwito wao huonyesha mwanga wao halisi, zinatoa karibu kilomita 73 kwa sekunde kwa kila megaparseki (miaka-nuru milioni 3.26). Mwanga wa kale uliobaki tangu mwanzo wa ulimwengu, uliopimwa na setilaiti ya Planck, unatoa 67.4. Swali ni la haki, kwa sababu Cepheid ni nyota changa: zile supernova 42 zilizotumika mwaka 2022 kuweka kipimo zote ziko kwenye galaksi 37 ambamo nyota bado zinazaliwa. Ukilinganisha na supernova za mbali zilizo kwenye galaksi za kila aina, unalinganisha jamii mbili. Watafiti hao walilijua, wakachagua za mbali kutoka galaksi zinazofanana. Na pengo lenyewe ni kama asilimia 8, wakati hatua ya uzito ni 3. Nimemjibu kwamba kwa ukubwa tunaouona sisi, haitoshi.

Septemba

Wa kidato cha sita walishamaliza tangu Mei; kundi jipya limeingia. Tumewapa mafaili, grafu, na orodha ya mambo yaliyobaki.

La kwanza kwenye orodha ni kupima mtaa. Faili la Pantheon+ lina nafasi ya kila supernova na ya kitovu cha galaksi yake, pamoja na umbali wa pembe kati yake. Tutachukua galaksi za karibu tu, tupakue picha zake kutoka kwenye hazina za bure, na kila supernova itawekewa alama na wanafunzi wawili wasioonana: imo kwenye mkono wa buluu wenye nyota changa, au imo kwenye sehemu ya njano ya nyota kongwe? Wakitofautiana, wa tatu ataamua. Salio la mwanga halitaonyeshwa kwa yeyote mpaka alama zote ziwe zimewekwa. Kompyuta yenye betri mbovu imerudi kutoka kwa fundi, na picha za kwanza zimeshashuka.